Kebo, Google, WhatsApp au fundi wa mjini: njia za kuhamia simu mpya, zikipimwa kwa mazingira ya Mwanza

Simu ikishatolewa kwenye boksi, swali la kwanza katika maduka ya katikati ya jiji huwa "nikuhamishie vitu vyako?" Kabla ya kuitikia, jua kwamba vitu vyako si furushi moja. Kuna picha na video. Kuna namba za watu. Kuna meseji za kawaida, zikiwemo za miamala ya pesa. Kuna WhatsApp. Halafu kuna programu zenyewe na nywila zake. Kila furushi linakaa mahali pake ndani ya simu, na njia inayobeba hili huliacha lile. Ndiyo maana mtu huondoka dukani akiwa ameona picha zake zote zipo, akafika Igoma au Buzuruga ndipo akafungua WhatsApp na kukuta nyeupe, haina hata neno moja.

Tumezipima njia zinazotumika sana kwa mambo manne yanayomgusa mtu wa hapa: zinakula bando kiasi gani, zinahimili umeme ukikatika, zinachukua muda gani, na je, kila kitu kinafika? Hukumu tunaitoa mapema. Kebo ibebe picha, namba na meseji. WhatsApp ihamishwe kwa njia yake yenyewe, ile ya kuskani msimbo wa QR. Google iwe akiba ya siku simu itakapoibwa au kuzama, isiwe ndiyo gari la kuhamia. Fundi aitwe kwa simu iliyovunjika au iliyokufa.

Kebo

Hii ndiyo njia bora, na haina mpinzani wa karibu. Android ina utaratibu wake wa kunakili kutoka simu ya zamani, na unajitokeza simu mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza, baada ya kuchagua lugha na kuunganisha intaneti. Tatizo ni kwamba muuzaji mwenye haraka huruka hatua zote ili akuonyeshe kamera. Mwambie asiruke. Simu nyingi za karibuni zinakuruhusu kuirudia hatua hiyo baadaye kupitia Mipangilio, lakini si zote. Ambayo hairuhusu, dawa yake ni kuiresti ingali tupu na kuanza upya.

Watengenezaji nao wana programu zao. Samsung wana Smart Switch, Xiaomi wana Mi Mover, Oppo wana Clone Phone, vivo wana EasyShare. Smart Switch ndiyo iliyokomaa kuliko zote: inachukua namba, meseji, picha, kalenda, orodha ya simu zilizopigwa, na ukiwa unatoka Galaxy kwenda Galaxy inabeba hata mpangilio wa skrini na programu zenyewe. Ina sharti moja ambalo wengi hawaambiwi: simu inayopokea lazima iwe Galaxy. Kutoka Tecno kwenda Samsung utafanikiwa. Kutoka Samsung kwenda Tecno haitakusaidia, tumia ule utaratibu wa Android.

Sasa vifaa. Kama simu zote mbili zina tundu la Type-C, unahitaji kebo yenye Type-C pande zote mbili. Kama ya zamani ina tundu dogo la zamani, chukua waya wake wa kawaida wa USB, halafu upande ule mpana uuchomeke kwenye kigeuzi cha OTG (kile kinachoiwezesha simu kusoma kifaa kingine), na kigeuzi hicho kiingie kwenye simu mpya. Makosa yanayojitokeza hapa ni matatu.

Kosa la kwanza ni waya wa kuchaji tu. Nyaya nyingi za bei ya chini zinazotandazwa barabarani zina nyuzi mbili za umeme ndani, hazina zile mbili za data. Simu itaonyesha inachaji, lakini hakuna kitakachohama, na mtu ataishia kuilaumu simu. Kipimo ni rahisi: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huo, iruhusu simu kuhamisha mafaili, na kama kompyuta bado haioni kitu, waya huo uuache kwa ajili ya chaja.

Kosa la pili ni OTG iliyozimwa. Simu za Oppo na Realme zina kitufe cha OTG ndani ya Mipangilio, na hujizima chenyewe isipotumika kwa dakika kumi hivi. Simu za bei ya chini kabisa, baadhi hazina OTG kabisa. Kwa hizo, hamia kwenye Wi-Fi ya simu kwa simu.

Kosa la tatu ni chaji. Mara nyingi simu inayopokea ndiyo inayoilisha umeme ile ya zamani kupitia kebo, kwa hiyo mpya hupungua huku ya zamani ikipanda. Simu haitoki kwenye boksi ikiwa imejaa. Ukianzia kwenye asilimia 40 na betri ya zamani ikiwa imechoka, mpya inaweza kuzimika katikati ya safari. Ichaji kwanza mpaka ivuke 80, ndipo uunganishe.

Kuhusu muda, usidanganywe na ukubwa wa mzigo peke yake. Simu nyingi tunazonunua zina USB 2.0, ambayo kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde. Kiuhalisia tarajia megabaiti 30 hivi. Kwa kasi hiyo GB 10 za video hupita kwa dakika sita. Lakini GB 3 za WhatsApp zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko hizo 10, kwa sababu ni maelfu ya mafaili madogo: stika, sauti za sekunde tano, picha za "habari za asubuhi". Kila faili hufunguliwa, huandikwa na kufungwa peke yake. Ukiona mstari umesimama kwenye asilimia 70 kwa robo saa, usichomoe. Kuchomoa ndiko kunakoleta picha nusu na faili zisizofunguka.

Jambo moja kuhusu bando. Utaratibu wa Android haunakili programu zenyewe. Unachukua orodha yake, kisha simu mpya inazipakua upya kutoka Play Store. Programu 40 zinaweza kula GB kadhaa bila kukuuliza. Hatua ya kuchagua ikifika, ondoa tiki kwenye michezo na zile ambazo hujazigusa miezi, ubaki na zile unazozitumia. Tunaipa kebo alama 9 kati ya 10, na hiyo moja tumeikata kwa sababu ya nyaya feki.

WhatsApp, mahali ambapo watu wanaumia

Hakuna furushi linalopotea kama hili, na hakuna linalouma kama hili. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba ambaye oda zake zote ni sauti za WhatsApp, akizipoteza, amepoteza daftari lake la madeni. Kebo hairuki ukuta huu: mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa ndani ya programu, na unapotoka Android ya kampuni moja kwenda nyingine, kinachobebwa na kebo ni picha na sauti zake, si meseji zenyewe.

Tangu mwaka 2023 WhatsApp wana njia yao ya kuhamisha moja kwa moja kutoka simu kwenda simu, bila kupitia Google. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa kila mtu anayetoka Android kwenda Android. Mazungumzo hayapandi kwenye intaneti. Simu mbili zinajitengenezea mtandao wao wenyewe. Umeme ukikatika na ruta ikazima, uhamishaji unaendelea. Bando utakalotumia ni la kupakua programu ya WhatsApp na kuhakiki namba tu.

Fuata mpangilio huu. Simu zote mbili ziwashe Wi-Fi, Bluetooth na huduma ya mahali. Zima VPN kama unayo, maana inazuia simu kuonana. Zima hali ya kutunza betri, hasa kwenye Tecno na Infinix, kwa kuwa mifumo yao ina tabia ya kuua programu zinazochukua muda mrefu. Hakikisha tarehe na saa ni sahihi. Simu mpya yenye tarehe ya uongo inakataliwa na WhatsApp. Kisha kwenye simu ya zamani fungua WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya gumzo, shuka mpaka uone Hamisha gumzo, chagua kwenda Android, uanze. Ndipo uende kwenye simu mpya: weka WhatsApp, kubali masharti, hakiki namba ileile kwa msimbo wa tarakimu 6 unaokuja kwa meseji. Ikikuuliza kama unataka kuhamisha mazungumzo kutoka simu ya zamani, kubali. Simu mpya itaonyesha msimbo wa QR, na ya zamani ndiyo itakayouskani. Watu wengi hugeuza hapa, wanashika mpya na kuielekeza kwenye ya zamani, wanaona haifanyi kazi, wanaacha. Weka simu zikiwa karibu, skrini zikiwaka, na usipokee simu wala kufungua kitu kingine mpaka iishe.

Ukivuka hatua ile ya kuulizwa, ukaanza kuchati kwenye simu mpya, mlango umefungwa. WhatsApp haichanganyi mazungumzo ya zamani na mapya. Itabidi uifute kwenye simu mpya, uiweke tena, uhakiki upya, na yale uliyochati katikati hapo yatapotea. Kwa hiyo WhatsApp isiwekwe kwenye simu mpya "kwa kujaribu tu" ukiwa bado dukani.

Kwa wenye WhatsApp Business, uhamishaji unafanyika ndani ya Business yenyewe kwa hatua zilezile. Hakikisha umeweka ya aina ileile kwenye simu mpya. Ukiweka ile ya kawaida kwa haraka, unaweza kujikuta umeacha katalogi na lebo za wateja nyuma. Na wale wa GB WhatsApp na wenzake (WhatsApp za kuiga, zisizotoka kwa WhatsApp wenyewe), hapa ndipo gharama yake inapojitokeza. WhatsApp haizitambui programu hizo, njia zake za kuhamisha hazizihudumii, na akaunti inaweza kufungiwa. Hakuna fundi anayeweza kukuahidi matokeo.

Ipo njia ya pili, ya folda. Kila usiku saa 8 WhatsApp huandika nakala ndani ya simu, na huzitunza za siku 7 za mwisho. Unazikuta kwenye kumbukumbu ya simu, ndani ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Ya Business inaitwa com.whatsapp.w4b. Tengeneza nakala mpya kwa mkono kwanza, nakili folda nzima kwenye memori kadi, iweke mahali palepale kwenye simu mpya kabla WhatsApp haijawekwa, ndipo uweke programu na kuhakiki namba ileile. Ni njia ya kuokolea pale simu mbili zinapokataa kuonana, lakini ni ya mtu makini. Folda ikikosewa hatua moja, programu haioni kitu na haisemi kwa nini.

Njia ya tatu ni nakala ya Google Drive. Inafanya kazi kwa masharti mawili: namba ileile na akaunti ileile ya Google. Kama uliwasha ulinzi wa nywila kwenye nakala yako, uliopo tangu mwaka 2021, unahitaji hiyo nywila au ule ufunguo wa tarakimu 64. Ukiusahau, hakuna wa kukufungulia, hata WhatsApp wenyewe. Kama hukumbuki, zima ulinzi huo ukiwa bado na simu ya zamani, kisha tengeneza nakala upya.

Kwa watu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine: maliza kuhakiki namba kabla ya kupanda meli. Msimbo wa tarakimu 6 unahitaji mtandao, na ukiukosa majini unabaki na simu mbili ambazo hakuna yenye WhatsApp iliyo kamili.

Google kama akiba

Nakala ya Google ni nzuri kwa kile ilichotengenezewa. Inatunza namba, meseji za kawaida, orodha ya simu, mipangilio, na data za baadhi ya programu. Hujifanya yenyewe simu ikiwa imepumzika, inachaji, na ipo kwenye Wi-Fi. Hapo pana shida ya wazi: nyumba nyingi za Mkolani, Kishiri au Nyegezi hazina Wi-Fi. Watu wanaishi kwa bando. Matokeo yake, mtu anaamini ana bakapu kumbe ya mwisho ilifanyika miezi mingi nyuma. Ingia Mipangilio, kisha Google, kisha sehemu ya hifadhi nakala, usome tarehe iliyoandikwa. Kama si ya wiki hii, ibonyeze ifanyike sasa.

Picha ni suala jingine. Zinahifadhiwa na Google Photos, si na nakala ya simu, na nafasi ya bure ni GB 15 kwa kila kitu pamoja: picha, barua pepe na Drive. Picha za bure bila kikomo ziliisha Juni 1, 2021. Tangu 2024 hata nakala ya WhatsApp ya Android inahesabiwa humo. Nafasi ikijaa, barua pepe nazo zinaacha kuingia, na mwanafunzi wa chuo anayesubiri ujumbe wa mkopo au wa ajira hatajua kwa nini.

Piga hesabu ya bando pia. GB 10 za picha kupandisha Google ni GB 10, kuzishusha kwenye simu mpya ni GB 10 nyingine. Umelipia 20 kwa kitu ambacho kebo ingekifanya bure kwa dakika chache.

Yapo mambo mawili yanayowakwamisha watu kimya kimya. Nakala iliyotengenezwa kwenye Android ya juu haishuki kwenye Android ya chini. Ukitoka simu yenye Android 14 ukanunua ya mtumba yenye Android 11, orodha ya nakala itakuja bila ile unayoitaka. Na simu isiyotumika kwa siku 57, nakala yake hufutwa. Simu ikiibwa, usingoje mpaka ukusanye hela miezi mitatu ukidhani data inakusubiri.

Baya kuliko yote ni akaunti iliyofunguliwa na muuzaji. Watu wengi hapa walinunua simu yao ya kwanza, kijana wa dukani akawatengenezea barua pepe na nywila, wakatumia miaka bila kuijua. Kabla ya kugusa chochote, jaribu kuingia kwenye akaunti hiyo kutoka simu mpya. Ikikataa, badilisha nywila kupitia simu ya zamani ambayo bado imo ndani, na uandikishe namba yako mwenyewe ya kurejeshea. Hatua hii fupi ina thamani kuliko nyingine zote zilizomo kwenye makala hii.

Namba, meseji za miamala na laini

Fungua orodha ya namba uangalie kila moja imehifadhiwa wapi: laini, simu, au Google. Laini nyingi hubeba namba 250 hivi, jina likiwa fupi, na kila jina namba moja. Kibaya zaidi, ukibadilishiwa laini kwa alama ya kidole kwa sababu ya zamani ilipotea au kukatwa vibaya, unarudishiwa namba yako na salio lako, lakini majina yaliyokuwa kwenye kadi ile hayarudi. Kwa hiyo hamisha kutoka laini kwenda Google, kisha toa nakala ya faili la .vcf (faili moja lenye majina na namba zote) ulitunze mahali pengine. Faili la namba 1,000 halifiki hata ukubwa wa picha moja.

Salio la M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa halimo kwenye simu. Limo kwenye namba. Laini ikiingia kwenye simu mpya, piga *150*00# au ile ya mtandao wako na kila kitu kipo. Kinachobaki nyuma ni meseji za uthibitisho, ambazo kwa mwenye duka ndiyo stakabadhi zake. Kebo inazibeba. Ukitaka nakala ya ziada, programu ya SMS Backup & Restore huzitoa zote kama faili moja; wakati wa kuzirudisha itaomba iwe ndiyo programu kuu ya meseji kwa muda, kubali, ikimaliza rudisha ile ya mwanzo. Programu za benki na za pesa usitegemee zihame zikiwa wazi. Zitakutaka ujisajili upya, na hilo ni kwa usalama wako. Wenye programu za kutengeneza misimbo ya uthibitisho wazihamishe kwa mkono kabla ya kufuta simu ya zamani, la sivyo watajifungia nje ya akaunti zao.

Xender, XShare na Bluetooth

Kwa kurushiana nyimbo na picha, Xender na XShare zinatosha. Kwa kuhamia, hapana: zinarusha mafaili, hazigusi mazungumzo ya WhatsApp, na zimejaa matangazo yanayokualika kubonyeza. Quick Share, iliyomo ndani ya Android, ni safi zaidi. Kasi inategemea Wi-Fi ya simu. Simu yenye masafa ya 2.4 GHz pekee inatoa megabaiti 4 hadi 6 kwa sekunde, yaani GB 10 ni nusu saa au zaidi kidogo. Zenye 5 GHz zinakwenda mara kadhaa ya hapo. Bluetooth usiiguse kwa mzigo mkubwa. GB 10 kwa Bluetooth ni zaidi ya saa 11.

Memori kadi nayo ina mitego. Kama kwenye simu ya zamani uliifomati iwe sehemu ya kumbukumbu ya ndani, simu nyingine haitaisoma. Itakuomba uifomati, na ukikubali umeifuta. Kama imefomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili), faili linalozidi GB 4 halipiti, kwa hiyo video ndefu ya harusi itakataa bila maelezo. Na kadi feki zipo: imeandikwa GB 128, ndani ni 8. Inapokea kila kitu, kisha huanza kuandika juu ya vya kwanza. Ijaze mafaili usiyoyahitaji, uyafungue ya mwanzo na ya mwisho, ndipo uiamini.

Kwa wanaokwenda iPhone, tumia programu ya Move to iOS simu ikiwa mpya au imerestiwa, WhatsApp ikiwemo humohumo. Usitoke kwenye programu hiyo wakati inafanya kazi. Wanaotoka iPhone kwenda Android, ili WhatsApp nayo ihame, kwa kawaida wanahitaji kebo, na kwa simu nyingi Android 12 au zaidi, na wafanye wakati wa kuiwasha mara ya kwanza.

Fundi wa mjini

Kwa simu mbili nzima, huduma ya kuhamishiwa vitu dukani haifai hela yake. Mara nyingi inachofanya ni kurusha picha na namba, na WhatsApp inaachwa kwa Google kama ina bahati. Ukiitaka hata hivyo, kaa hapohapo. Fungua pateni mwenyewe, usiiandike kwenye karatasi ya kibanda. Msimbo wa tarakimu 6 na namba ya siri ya pesa havitamkwi kwa mtu. Kataa data yako kupitia kompyuta yake. Simu kwa simu inatosha. Kukubaliana bei kuwe kabla, na malipo yawe baada ya wewe kufungua vitu vitatu: meseji ya zamani ya WhatsApp, sauti ya zamani uisikilize, na video ndefu uicheze mpaka mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua kwamba taarifa zako ni zako. Fundi anayekasirika ukisimama karibu naye, chukua simu yako uende kwa mwingine.

Fundi mzuri anaonekana kwenye simu mbovu. Kioo kikipasuka lakini kinaonyesha, huhitaji hata kioo kipya: kipanya cha kompyuta kikichomekwa kwa OTG kinachora pateni vizuri. Kioo kikiwa giza kabisa, kufungiwa kioo cha muda ili data itoke ni huduma halali, na muulize kama anaikodisha badala ya kukuuzia. Bodi ikifa, elewa hivi: simu za miaka ya karibuni zimefungwa kwa usimbaji (data imeandikwa kwa msimbo wa siri), na ufunguo uko ndani ya bodi hiyohiyo. Kuhamisha chipu ya kumbukumbu kwenda simu nyingine hakutoi kitu. Fundi anayesema ukweli atakwambia lazima bodi ifufuke walau mara moja, na ataitengeneza kwa darubini na mashine ya joto. Anayesema "niachie, nitatoa data kwenye kompyuta" bila kufufua bodi, mwulize atafungua vipi.

Simu iliyotumbukia ziwani nayo inaokolewa kwa subira. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo kutu inachelewa kidogo, lakini inakuja. Izime, toa laini na kadi, usiichaji, usiwashe kuona kama imepona. Usiifukie kwenye mchele. Mwaka 2024 Apple waliwaonya watumiaji wao waziwazi, kwa kuwa chembe za mchele zinaingia na kuharibu. Ifike kwa fundi siku hiyohiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti ya kusafishia bodi. Ikiwaka, usishangilie kwanza. Toa data papohapo, maana inaweza isiwake tena kesho.

Kabla ya kuiuza ya zamani

Iache siku 7 bila kuifuta. Ndani ya siku hizo utagundua kilichosahaulika: sauti zilizorekodiwa, hati kwenye folda ya vilivyopakuliwa, picha zilizofungwa kwenye folda ya siri ambazo hazihami zenyewe. Kama simu uliyonunua ni ya mtumba, piga *#06#, tuma namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) itakayotokea kwenda 15090 uone kama jina la simu linalorudi linafanana na lililo mkononi.

Ukiwa tayari, toa laini na memori kadi, halafu ondoa akaunti ya Google, na ya Samsung kama ipo, kupitia Mipangilio. Hatua ya mwisho ndiyo kuiresti. Mpangilio huo usigeuzwe. Tangu Android 5.1, simu iliyorestiwa kwa vitufe akaunti ikiwa bado imo humdai mnunuzi nywila yako, na atarudi kukutafuta mpaka Nyegezi. Ukimaliza iwashe, uunganishe intaneti, upitie hatua za mwanzo. Ikikudai akaunti ya zamani, bado haijawa tayari kuuzwa.